Barua kutoka Konde

Konde, Pemba

Shoga yangu Asha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na salamu zako mama kazipokea kwa furaha. Umeniuliza kama vijana wa skuli yako hapo Makunduchi wataiweza kazi hii tuifanyayo huku ya kuandika ndege, popo na miti. Wataiweza, na nakuomba usiwacheleweshe.

Wageni huja msitu wa Ngezi wakati wa kiangazi, wakakaa siku chache, wakaenda zao. Mvua za masika zikimwagika, nani ataandika kilichochanua? Na usiku bundi wa Pemba akilia, aliye karibu naye ni nani kama si watoto wetu? Ndege huyo hapatikani pengine popote duniani, naye hukaa hata kwenye mikarafuu nyuma ya nyumba zetu. Programu ya iNaturalist, ile ya simu tunayopandishia picha za viumbe ili watambuliwe, inapokea sauti pia, basi wao humrekodi kwa simu. Bibi zao mwanzo waliguna, maana bundi kwetu ni kisirani. Siku hizi ndio wanaowaambia jana kalia upande gani.

Juzi kijana mmoja kaniletea picha ya makapi, vidonge bapa vya nyuzi vilivyotapakaa chini ya mwembe. Popo wetu hutafuna embe, akafyonza maji yake, makapi akayatema. Popo mwenyewe hakumwona, lakini amejua alikula nini na wapi. Tarehe na mahali aliviandika papo hapo, nikafurahi sana, kwani bila hivyo picha haiwezi kuthibitishwa.

Simu moja inatosha kundi zima. Picha hupigwa bila bando, zikapandishwa mtandao ukipatikana. Wenye umri chini ya miaka 13 wasijifungulie akaunti, wape daftari. Na tafadhali, usiweke zawadi ya mwenye picha nyingi. Watakimbilia hesabu, mti mmoja wataupiga picha asubuhi mpaka jioni.

Kwenu ningeanza na kunguru. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, leo wanaiba mayai na makinda ya ndege wengine. Wanalala wapi? Mtaa gani hawajafika? Asiyemwona kunguru hata mmoja naye aandike, hiyo ni habari kubwa.

Jambo moja uwakazanie: mahali wanapolala popo mchana wasipatangaze. Programu huficha mahali hasa walipo viumbe walio hatarini, lakini maneno ya barazani hayafichiki. Huku popo waliwindwa karibu waishe, kabla ya watu wa kijiji cha Kidike na kwengineko kuanza kuwalinda.

Nikija Unguja likizo nitakuletea daftari letu uone tulivyolipanga. Niandikie mnaanza lini na simu gani mnazo.

Wasalaam,
shoga yako Zuwena