Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: vijana wa ufundi wafundishwe kusikiliza Kiingereza

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naandika hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa mkuu wa chuo hazijajibiwa, na kwa sababu wiki iliyopita kijana wetu wa uchomeleaji alirudishwa kutoka mafunzo kwa vitendo katika karakana moja hapa Mwanza. Msimamizi, mgeni asiyejua Kiswahili, alimwagiza akate vipande vya sentimita hamsini. Kijana akasikia kumi na tano, na bamba zima la chuma likaharibika. Kwa Kiingereza namba hizo, fifty na fifteen, hutofautiana kwa mkazo na mwisho wa neno tu, na penye kelele za mashine hata sikio lililozoea hulazimika kuuliza tena. Kijana huyu hatukumfundisha hata namna ya kuuliza tena.

Wengi wa wanafunzi wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza walichokutana nacho kilikuwa cha ubaoni. Mtihani wa maandishi wanafaulu. Lakini Daraja la Kigongo–Busisi limejengwa na makandarasi kutoka China, reli ya Mwanza–Isaka nayo wamekabidhiwa Wachina, na Kiingereza kinachozungumzwa kwenye kazi za namna hiyo hakifanani na changu. Darasani sauti pekee wanayoisikia ni yangu, yenye lafudhi ya Kisukuma, nikisoma maelekezo mbele ya darasa lililofurika mpaka koo linakauka. Rekodi chache nilizonazo nazifungulia kwenye simu yangu, na waliokaa nyuma hawasikii chochote. Nadhani chanzo ni mtihani wenyewe: chuoni kwetu kusikiliza hakupimwi, kwa hiyo hakutengewi kipindi wala fedha.

Kwenye mahafali yetu ulisimama mbele ya wazazi, wakiwemo wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wanaolipa ada kwa kuungaunga, ukaahidi kuwa vipaza sauti vitafika kabla ya muhula mpya. Muhula huo umekwisha, Mheshimiwa, na ahadi ile wazazi wananiuliza mimi.

Siombi maabara ya lugha. Naomba vipaza sauti, rekodi zenye lafudhi mbalimbali na kelele halisi za karakana, na kipindi kimoja kwa wiki ambacho mwanafunzi atasikiliza agizo, atalirudia kwa mdomo, kisha atalitekeleza. Mwezi ujao wanaondoka wanafunzi wa umeme kwenda mafunzo kwa vitendo, na kwao agizo la kuzima likisikika kuwa la kuwasha, mtu anaweza kufa. Tafadhali, vipaza sauti vifike kabla hawajaondoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa stadi za mawasiliano, Mwanza