Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Beringi za Kazakhstan Zimekwama Hamburg

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchumi, Berlin,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyokulia Tanga, kwa kuwa barua mbili nilizoandika kwa Kijerumani hazikujibiwa, na huenda lugha hii ina wasomaji wengi zaidi ofisini kwako.

Juzi mnunuzi wetu wa Kostanay, kaskazini mwa Kazakhstan, alifuta oda yake. Beringi alizoagiza, vile vyuma vya mviringo vinavyosaidia magurudumu na shafti kuzunguka, kwa ajili ya mashine za kuvunia ngano zimelala ghalani hapa Hamburg tangu Juni zikisubiri kibali, ilhali kule mavuno huanza mwishoni mwa Agosti, na theluji haisubiri muhuri wa mtu. Malipo aliyoyatanguliza, benki yetu iliyazuia wiki 5, ikauliza maswali yale yale mara 3, kisha ikayarudisha. Sisi ni kampuni ya watu 6; wawili wameshapewa barua za kuachishwa kazi, na wa tatu nadhani ni mimi.

Ninajua kwa nini beringi hutazamwa kwa jicho kali. Zimo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa zinazohofiwa kupenyezwa Urusi na kuishia vitani, na tangu Machi 2024 muuzaji analazimika kuweka katika mkataba sharti la kuzuia zisiuzwe tena huko. Sharti tuliliweka, mnunuzi akatia saini, akatuma hata picha za mashine zenyewe na namba zake. Tuliiacha njia ya reli inayopita Urusi, tukachagua ile ndefu na ghali ya Poti nchini Georgia, Baku nchini Azerbaijan, kisha kuvuka Bahari ya Kaspi hadi Aktau, bandari ya Kazakhstan. Kilichobaki, nashuku, ni ofisa anayeogopa kuandika ndiyo na asiyepata sababu ya kuandika hapana.

Niruhusu nikukumbushe, Mheshimiwa, kwamba Septemba 2023 marais watano wa Asia ya Kati walikaribishwa Berlin, mwaka uliofuata Kansela akafunga safari hadi Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, na Aprili 2025, huko Samarkand, Umoja wa Ulaya ukatangaza euro bilioni 12 kwa ajili ya eneo hilo. Mwaka huo huo wa 2023 mafuta ya Kazakhstan yalianza kuletwa katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Schwedt, hapa Ujerumani, kwa bomba la Druzhba, linalopita katikati ya Urusi. Mafuta yao yakapita Urusi yakapokelewa. Beringi zetu zilizoikwepa Urusi hazijatoka hata getini.

Sikuombi ulegeze vikwazo. Ninaomba jibu, kwa maandishi, lenye tarehe na saini. Likiwa ndiyo, huenda mnunuzi akarudi. Likiwa hapana, nitampelekea hiyo hapana aione mwenyewe, asidhani nilimlaghai. Nijibiwe tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Karani wa mauzo ya nje, Hamburg