Simu kusema hakujamaliza kazi

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nasomewa miaka na miaka na sijawahi kuandika, lakini ile habari mliyoitoa kwamba sie tusioona hatuna tena shida ya kusoma kwa vile simu siku hizi zinasema, hiyo imenikera. Alieandika alimuuliza nani? Mle ndani sikusikia kauli ya asieona hata mmoja.

Mie simu siipingi, na barua hii naiandika kwa simu. Lakini kusoma mbali, kusomewa mbali. Miaka ya themanini nilikwenda kozi nje nikaikuta mashine ikiitwa Optacon, kaibuni profesa wa Stanford kule Marekani, John Linvill, kwa ajili ya binti yake Candy ambae alikuwa haoni, ikaanza kuuzwa 1971. Mkono wa kulia unapitisha kikamera juu ya mstari, kidole cha shahada cha kushoto kimelala kwenye vijipini 144 vinavyotetemeka, na umbo la herufi linapita pale chini ya kidole. Herufi hizi hizi za wenye macho, sio nukta nundu, yale maandishi yetu ya vidoto vya kupapasa! Ilikuwa ghali, inakwenda polepole na kujifunza kwake kazi, sikatai. Lakini niliisoma bahasha yangu mwenyewe na hakuna alienisikia. 1996 wakaacha kuzitengeneza, skana na kompyuta za kusema zikashika nafasi.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia kiinua mgongo changu, nikapewa karatasi, nikatoa simu kuipiga picha, simu ikaanza kukisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu, muhuri umepigwa juu ya tarakimu kwa hiyo penye pesa ndo pameruka, na palipoandikwa kwa peni hapakusomeka kabisa. Nikamuomba kijana wa dirishani anisaidie, nae badala ya kunisogelea kaisoma kwa sauti pale pale, jina langu, namba yangu, shilingi mpaka ya mwisho, na foleni nzima kimya inasikiliza. Nikamwambia mwanangu punguza sauti, akanijibu, "Mzee si umetaka kusomewa?" Halafu naambiwa nitie dole gumba hapo chini. Nitie dole kwenye kitu nisichokisoma? Watu wote wanajua nna kiasi gani na mie mwenye pesa sina hakika kama kanisomea sawasawa! Sijafika Wete nishapigiwa simu na jamaa anataka nimkopeshe.

Na dawa nazo. Nchi za Ulaya boksi la dawa lazima liwe na nukta nundu, na mengine yanatufikia mpaka huku, lakini ukinunua unakuta wamebandika stika ya bei juu ya nukta zenyewe. Hivi hapana pahala pengine pa kubandika?

Mie nasema hivi. Kila ofisi ikitoa barua kwa asieona, maandishi yale yale yatumwe kwenye simu yake siku ile ile, sio picha, maandishi. Na iwekwe skana yenye kisomeo cha nukta nundu cha kompyuta, kile ambacho nukta zinapanda na kushuka chini ya vidole, maktaba moja Unguja na moja Pemba, chumba chenye mlango unaofungika, na ufunguo asikae nao bosi ambae saa nane keshaondoka.

Mstaafu asieona,
Wete, Pemba