Kwa kaka yangu, tangu ile khitma

Kaka,

Naiandika hii hadharani kwa sababu simu zangu hupokei. Shangazi hajambo. Kila siku aniuliza kama unakula vizuri huko uliko, nami namwambia unakula.

Wamjua nyoka mla mayai. Sumu hana, meno yenyewe ya kutafuta. Yai hulimeza zima, akalivunja kwa mifupa ya shingo, kisha akatema ganda. Lakini mchokoze uone: hujikunja, akasugua magamba mpaka yakalia, akarusha kichwa kinywa wazi kama nyoka wa sumu wa jamii ya kifutu. Mnyama aliyetaka kumla hurudi nyuma. Binadamu hatafuti njia, atafuta fimbo.

Ndivyo ulivyokuwa kwenye khitma ya baba. Watu hawajanawa, wewe ukagonga sinia la pilau kwa ngumi, ukamwambia ami kwamba atakayetia mguu nyumba ile atakujua wewe ni nani. Wali ukamrukia kifuani. Ami, mtu mzima yule, akaziokota punje kwenye kanzu yake moja moja, asiseme neno. Na wewe ndiwe uliyekuwa ukijifungia chooni kuku akichinjwa!

Ujanja huu una masharti. Tangu Mwingereza Henry Walter Bates aandike mwaka 1862 habari za vipepeo wa Amazon, yajulikana kwamba waigaji hufaa wakiwa wachache kuliko wakali wa kweli. Wakizidi, ndege huonja, wakagundua kuwa ni watamu. Kwetu mkali wa kweli alikuwa nani? Baba? Babu? Ukoo mzima hauna hata mmoja, kaka. Wakuogope kwa lipi?

Mle msituni Arabuko-Sokoke kuna kipepeo, Papilio dardanus, ambaye majike ndio hujivika sura za vipepeo wenye sumu. Madume hubaki na rangi yao ya manjano na mikia. Nyumbani kwetu imekuwa kinyume. Mimi sikupiga kelele siku ile, na watu wakasema nimekuuza. Sikukuuza. Kama si mimi kwenda kwa ami usiku ule, shauri lingekuwa kwa kadhi sasa hivi, na hujanishukuru.

Njoo kabla ya Ramadhani, umwombe radhi mwenyewe. Na lile kasha la mama nimelichukua mimi, usije ukasikia kwa watu. Lilikuwa laliwa na mchwa, na wewe hukuwepo.