Tiketi Umelipia, Mbona Unatozwa Faini?

Wateja wengi hutujia na tiketi walizojinunulia mtandaoni wakiuliza, "Hii itanifikisha?" Mara nyingi itamfikisha, ila si kwa treni aliyoipanga, au si mpaka uwanja wa ndege.

Hapo uwanja wa ndege ndipo wengi wanaponaswa. Paris ilipanga nauli zake upya Januari 2025: metro na treni za mjini zina tiketi yao, basi na tramu yao, na safari ya uwanja wa ndege ina tiketi yake yenye bei ya juu zaidi. RER B, mojawapo ya treni hizo za mjini, hupita katikati ya mji na kuendelea hadi uwanja wa ndege, kwa hiyo mgeni huona tiketi ya kawaida inatosha. Haitoshi.

Uingereza shida iko kwenye treni yenyewe. Tiketi ya Advance ni nafuu kwa sababu imekufunga kwenye treni moja. Ukichelewa, imekufa, na hurudishiwi fedha. Tiketi ya Anytime ni ghali, lakini siku hiyo unapanda treni yoyote ya njia hiyo. Mteja anayeshuka kwenye ndege hatumkatii Advance ya muda mfupi baada ya kutua, hata akisisitiza. Foleni ya pasipoti haina ratiba.

Italia nako, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima igongwe mhuri kwenye mashine ya kituoni kabla hujapanda. Usipogonga, mkaguzi anakuhesabu kama hujalipa, na risiti ya benki haitakusaidia.

Kuna miji ambako tunamwambia mteja asinunue chochote. London ni mmojawapo: kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa inatosha kwa watu wazima wengi. Kwenye treni za chini ya ardhi unaigusisha ukiingia na ukitoka; kwenye basi ni ukipanda tu, na fedha taslimu hazipokelewi huko tangu 2014. Ukiingia kwa kugusisha kadi, usitoke kwa kugusisha simu ya kulipia, hata kama akaunti ni ileile. Mfumo huziona kama abiria wawili ambao hawakumaliza safari, na kila mmoja anatozwa nauli ya juu. Na kila abiria awe na kadi yake.

Ukitaka tukukatie au tukukagulie tiketi, jina la mji peke yake halitusaidii sana. Tutumie anwani ya mahali utakapolala, saa ya kutua, na umri wa kila mtoto, maana umri wa nauli ya mtoto hutofautiana kati ya nchi na nchi. Tutumie kabla ya kulipa. Tiketi ikishalipiwa, mara nyingi kinachobaki ni kukusomea masharti yake.