Mafundi wa magari ya zamani wasiachwe wapotee

Mhariri,

Mwezi uliopita mimi na kaka yangu tulisafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, kwa Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la michezo la aina ileile iliyompa dereva Shekhar Mehta ushindi wa mbio za magari za Safari Rally mwaka 1973. Tulipokaribia Mtito Andei injini ilianza kukosakosa. Vijana wawili wa gereji walitafuta mahali pa kuchomeka kompyuta ya kupimia hitilafu, mahali ambapo gari hilo halina. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alifungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi za injini, akasugua platini, yaani vipande vidogo vya chuma ndani yake vinavyokata na kuunganisha umeme huo, kwa msasa laini, akapima mwanya wake kwa kipande cha karatasi ngumu, na injini ya silinda 6 ikanguruma sawasawa hadi pwani. Safari tamu kuliko hiyo sijawahi kuifanya.

Mzee huyo alituambia kwamba hana mwanafunzi hata mmoja. Naviomba vyuo vya ufundi viwaalike wazee kama yeye wafundishe kazi ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na ya platini wangali na nguvu, kwa kuwa magari haya bado yapo barabarani na wenye nayo tuko tayari kulipia.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Nairobi