Asante dada wa kwenye basi la Njombe

Jamani naomba nimshukuru hadharani dada mmoja tuliyekaa siti moja kwenye basi la kwenda Njombe, jina sikulipata na namba sina. Mwanangu anasoma bweni huko na mwezi wa 7 baridi ya Njombe sio ya mchezo, asubuhi kuna mpaka jalidi kwenye majani. Nilikuwa na mabaki ya nyuzi za rangi rangi na sindano ya kroshia ila skafu ya duara yenye mistari sikujua naanzia wapi.

Dada akaweka kazi yake ya kufuma pembeni, akaanza mnyororo wa vitanzi vya uzi, akanipima shingoni ulegee kiasi cha kupita kichwani, akaunyoosha usijipinde ndo akaunganisha. Halafu akanipa nifume mwenyewe yeye anaangalia tu, hiyo niliipenda sana maana wengi wanakufanyia kisha hujifunzi kitu. Kwenye kubadili rangi ndo kanisaidia zaidi, kumbe rangi mpya unaivuta kwenye mvuto wa mwisho wa kishono cha rangi ya zamani, sio baada ya kukimaliza, na mistari ikiwa myembamba hukati uzi, unaupandisha kwa ndani. Kijani, njano na maruni vikatoka safi kabisa! Uzi ulipopungua akanipa wa bluu wa kwake, hela akakataa.

Mtoto anaivaa kila asubuhi. Mnaojua kufuma, ukimuona mtu kakwama muelekeze hata dakika chache. Na wewe dada ulieshukia Makambako, Mungu akubariki sana, kama unasoma hapa nijibu nikurudishie uzi wako.